Debe Tupu Mbele ya Jopo: Jinsi Hulka Inavyomfanya Bosi Kuwa Mwema au Mbaya

HEBU msomaji, tumfikirie binti mmoja wa kijiji cha Hewani, huko Garsen, katika kaunti ya Tana River. Jogoo wa kwanza hajawika naye yuko macho. Vyeti vyake amevitia ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha yenyewe ameifunga kwa leso ya mamake, maana mvua ya masika haina adabu wala haijui nani anakwenda kutafuta kazi. Nauli ya pikipiki imetokana na debe la mpunga lililouzwa jana jioni. Leo binti anakwenda Garsen kuhojiwa kwa kazi ya karani wa ghala.

Anaingia chumbani na kuwakuta watu watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti anaongea kwa simu na hajainua macho. Wa pili anapekua karatasi. Wa tatu anamwashiria aketi. Mwenyekiti anapomaliza mazungumzo yake, anarusha swali: "Haya, tuambie wewe ni nani, na kwa nini tukuajiri wewe badala ya wengine."

Binti anatazama sakafu. Kwao amelelewa akijua kwamba mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mtu mzima, wala hajisifu mbele ya wageni. Anajibu kwa sauti ndogo na maneno machache. Dakika tano zinatosha, anaambiwa ataarifiwa.

Baada yake anaingia kijana mwenye viatu vinavyong'aa na sauti ya kujaza chumba. Anamsalimu mwenyekiti kana kwamba walichunga mbuzi pamoja. Wanataniana kuhusu kandanda, wanacheka, na kabla ya chai kuletwa kazi imekwisha kumpata mwenyewe. Miezi sita baadaye, magunia yaliyoandikwa kitabuni hayalingani na magunia yaliyomo ghalani.

Binti na kijana hawa ni wa mfano tu. Lakini ni nyumba gani isiyowajua? Na ukiuliza ni nani aliyekosea siku ile, usimlaumu kijana. Yeye alikuja kuuza alichokuwa nacho, yaani mdomo. Waliokosea ni wale waliokaa nyuma ya meza wakadhani kwamba mtu anayewafurahisha ndiye mtu atakayewafaa.

Bosi Huja Mpaka Mezani

Huenda ukasema kwamba mambo ya mabosi na mahojiano ni ya ofisini, wala hayana nafasi katika kurasa za familia. La hasha! Bosi mbaya haachwi ofisini saa kumi na moja jioni. Hupanda matatu pamoja na baba, akaingia nyumbani pamoja na mama, akaketi mezani wakati wa chakula cha jioni. Mtoto aliyeleta daftari lake lionwe hukemewa bila kosa, kwa sababu mchana ule mzazi alikemewa mbele ya wenzake. Wewe mwenyewe bila shaka umewahi kuona jambo hilo, ama ukiwa mkemeaji ama mkemewaji.

Kadhalika, mahojiano mabaya ni hasara ya ukoo mzima. Kijana wa kijijini huenda kuhojiwa akiwa amebeba karo ya wadogo zake na matumaini ya wazazi waliouza mpunga au maembe. Anapokataliwa kwa sababu hakucheka vya kutosha, ni watu wengi waliokataliwa.

Ndiyo maana inafaa tujiulize: hulka ya mtu ina nguvu gani katika kumfanya awe mkubwa mwema wa kazi au mwovu? Na je, yule anayewapima wengine hulka zao, yake inapimwa na nani?

Vipimo Vitano vya Hulka

Wataalamu wa saikolojia kwa miaka mingi wamekubaliana kwamba hulka ya binadamu yaweza kutazamwa kwa vipimo vikubwa vitano. Cha kwanza ni uchangamfu, yaani kupenda watu na mazungumzo. Cha pili ni uangalifu wa kazi: utaratibu, bidii na kutimiza ahadi. Cha tatu ni utangamano, ule moyo wa kuelewana na wengine. Cha nne ni uwazi wa akili kwa mambo mapya. Cha tano ni wepesi wa kupata wasiwasi na kuvurugika moyo. Kila mmoja wetu anavyo vyote, ila kwa viwango tofauti, kama vile viungo katika pilau.

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Murray Barrick na Michael Mount, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia. Waliona kwamba kati ya vipimo hivyo vitano, uangalifu wa kazi ndio uliokwenda sambamba na utendaji mzuri katika kila aina ya kazi waliyoitazama. Uchangamfu nao ulisaidia, lakini hasa katika kazi za kuuza bidhaa na za kusimamia watu.

Mwaka 2002 watafiti wengine, wakiongozwa na Timothy Judge, walitazama uongozi wenyewe. Waliona kwamba watu wachangamfu ndio wanaotokeza kuwa viongozi mara nyingi. Lakini uhusiano wa uchangamfu na kutokeza ulikuwa mkubwa kuliko uhusiano wake na kuongoza vyema. Kwa lugha ya kwetu, mwenye sauti huonekana upesi, lakini kuonekana si kufaa. Wahenga walikwisha kuliona jambo hilo bila hesabu yoyote waliposema debe tupu haliachi kuvuma.

Bosi Akitoka, Kazi Husimama?

Kipimo kimoja kizuri cha mkubwa wa kazi ni kile kinachotokea anapotoka chumbani. Mwaka 1939, Kurt Lewin, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, pamoja na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha habari za jaribio lililofanywa na wavulana wa miaka kumi. Watoto waligawanywa katika vikundi vya kazi za mikono kama vile kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kila kikundi kiliwekewa mtu mzima wa kukisimamia, na wasimamizi hao walitumia mitindo mitatu.

Msimamizi wa kwanza aliamrisha kila kitu: fanya hivi, keti hapa, usiulize. Wa pili alishauriana na watoto, akawaeleza kazi nzima inakoelekea na kuwaachia nafasi ya kuchagua. Wa tatu alikaa tu, kila mtu afanye apendavyo.

Chini ya mwamrishaji kazi ilifanyika, lakini alipotoka nje ilizorota. Isitoshe, baadhi ya vikundi vyake vilijaa ugomvi, na watoto wakamwonea mwenzao mmoja. Chini ya yule wa kushauriana, kazi iliendelea hata alipotoka. Chini ya yule aliyekaa tu, mambo yalikuwa shaghalabaghala. Sasa msomaji, ifikirie ofisi yako, duka lako au hata jikoni kwako. Ukitoka, kazi husimama au huendelea? Jibu lake ndilo cheti chako cha umeneja.

Onyo Kutoka Hola

Wakazi wa Tana River wana sababu ya kuujua ubaya wa msimamizi mbaya kuliko watu wengi. Ukipanda mto kutoka Garsen utafika Hola, makao makuu ya kaunti hiyo. Hapo, wakati wa ukoloni, palikuwa na kambi ya watu waliozuiliwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na mifereji ya kunyunyizia mashamba maji ilichimbwa kwa jasho lao.

Kulikuwa na mpango, ulioandikwa na afisa wa magereza John Cowan, wa kuwalazimisha kufanya kazi wale waliokataa. Mnamo Machi 3, 1959, mahabusu walipelekwa shambani chini ya mkuu wa kambi, Michael Sullivan, na askari wakawashukia kwa marungu. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walipigwa, na mwezi Julai mwaka huo huo jambo hilo likatikisa Bunge la Uingereza.

Hola haikuwa ofisi ya kawaida, na dhambi ile ilikuwa ya utawala mzima, wala si ya tabia ya mtu mmoja. Hata hivyo, kuna jambo ambalo kila mwenye cheo anapaswa kulitazama. Wakubwa wale waliamini kwamba mtu anayekataa ana dawa moja tu, na kila aliyepokea agizo aliliteremsha kwa wa chini yake. Na mambo yalipoharibika, walitafuta uwongo kabla ya kutafuta ukweli. Bosi mbaya hutambulika mara mbili: anapotenda, na anapoeleza alichotenda. Meneja ambaye kila kosa ni la karani na kila sifa ni yake, ujue ana ile mbegu.

Ukali si Ukatili, Upole si Udhaifu

Tusije tukadhani kwamba bosi mwema ni yule anayechekacheka na kila mtu. Wakenya wanamkumbuka John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Februari 2004 kanuni zake za matatu zilianza kutumika: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, na abiria wasiozidi idadi iliyowekwa. Alikuwa mkali kama pilipili, wenye matatu wakagoma, lakini msimamo haukubadilika. Ukali wake ulikuwa na kanuni iliyoandikwa na kutangazwa, ambayo kila mtu aliweza kuisoma. Mfanyakazi huweza kuishi na bosi mkali ikiwa anajua leo kinachotakiwa kesho. Kinachoua moyo ni yule anayecheka Jumatatu kwa kosa lile lile atakalokufukuzia Jumanne.

Naye aliyemteua Michuki alikuwa mtu wa hulka nyingine kabisa. Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, alijulikana kwa upole na kwa kuwaachia mawaziri wake nafasi ya kufanya kazi. Waliomsifu walisema hiyo ndiyo siri ya kazi kuendelea. Waliomlaumu walisema upole huo huo uliacha mambo mengine yakateleza. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kila hulka ina faida yake na deni lake, na mkubwa mwerevu ni yule anayelijua deni lake akamweka karibu mtu wa kumsaidia kulilipa.

Tena, bosi mkimya asidharauliwe. Mwaka 2011 Adam Grant na wenzake wawili walichapisha utafiti uliohusu maduka ya pizza huko Marekani. Waliona kwamba pale wafanyakazi walipokuwa wepesi wa kutoa mawazo yao, maduka yenye viongozi wakimya yalipata faida zaidi. Viongozi wachangamfu walifaa zaidi pale wafanyakazi walipokuwa wa kungoja kuambiwa. Yaani mwenye maneno mengi akikutana na wafanyakazi wenye maneno yao, huenda asiwasikie. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Nyani Haoni Kundule

Sasa tuwageukie wahojaji, kwa maana wao ndio walinzi wa mlango. Hulka zao huingia chumbani kabla ya mwombaji kazi. Yupo yule mpenda kusikika, ambaye huongea muda wote kisha akasema mhojiwa alikuwa mzuri sana, kumbe amependa sauti yake mwenyewe. Yupo hakimu, anayefurahia kumwona mtu akitoa jasho. Yupo ndugu, anayetafuta mtu aliyesoma shule yake au anayezungumza lugha yake. Na yupo mwoga, ambaye hamtaki mtu yeyote anayeonekana kumzidi akili.

Kosa lao kubwa lina historia ndefu. Mwaka 1920 Edward Thorndike wa Marekani alieleza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao. Askari aliyependeza kwa umbo alipewa alama za juu pia katika akili, uongozi na tabia, kana kwamba sifa moja ilimwagia mwanga sifa nyingine zote. Ndivyo ilivyo hata leo. Viatu vinang'aa, basi hesabu anajua. Anatazama chini, basi ana la kuficha. Lakini mtoto wa Hewani anayetazama chini huenda anakupa heshima kubwa kuliko yule anayekukazia macho, ila wewe mhojaji hujui kuisoma.

Wakenya walilishuhudia jambo hili kwenye runinga. Mwaka 2011 Tume ya Huduma za Mahakama iliwahoji hadharani waliotaka kuwa Jaji Mkuu chini ya Katiba ya 2010. Willy Mutunga alikuwa na kipuli sikioni, na kipuli hicho kikazua maswali na mjadala nchi nzima, kana kwamba sheria husomwa kwa sikio. Alipata kazi hiyo mwezi Juni mwaka huo na kuitumikia mpaka 2016. Uwe ulimpenda au hukumpenda kama jaji, hukumu yako ilipaswa kutoka kwenye maamuzi yake. Kipuli hakikuandika hata ukurasa mmoja.

Tiba ipo, wala haihitaji fedha. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Mahojiano yenye mpangilio, ambapo kila mtu huulizwa maswali yale yale na majibu yake kupewa alama kwa kipimo kile kile, yalibashiri utendaji kazini vizuri kuliko mazungumzo ya ovyo ovyo. Na miongoni mwa njia zilizobashiri vizuri zaidi ni ile ya kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye mbele yako. Mpangilio humfunga kamba mhojaji, na hiyo ndiyo faida yake kubwa: hulka yake inakosa mahali pa kurukia.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, na pia yule anayeomba kazi, kwa misingi kama vile kabila, jinsia, dini au ulemavu. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Kwa hiyo yule mhojaji tuliyemwita ndugu hana ubaya wa tabia tu, anacheza na sheria.

Kusikiliza ni Kazi

Mahali pa kujifunza si vyuoni peke yake. Wapokomo wa ukingo wa mto Tana wana baraza lao la wazee liitwalo Gasa. Majirani zao Waorma, ambao ni wafugaji, wana wazee wao wa Matadheda. Mashamba yako kando ya mto, na ng'ombe nao sharti wafike mtoni kunywa kupitia njia zao za malka, kwa hiyo mzozo hauishi. Mabaraza hayo hayakuweza kuzuia damu isimwagike wakati wote, na mapigano ya 2012 na 2013 katika Tana Delta bado ni kidonda. Lakini wazo la baraza ni zuri: anayeamua sharti kwanza asikilize, tena asikilize pande zote, naye akiwa ameketi. Ni mahojiano mangapi ya kazi yanayofikia kipimo hicho?

Inafaa pia tuwatendee haki mameneja. Si kila anguko ni tabia ya mtu. Mwaka 1989 mto Tana ulihama njia yake huko Hola ukaziacha pampu za mradi wa kunyunyizia maji zikiwa hazina maji. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilibomoa matuta na mifereji ya mradi wa mpunga wa Tana Delta, karibu na Hewani. Hata malaika angekuwa meneja, mto usingemwogopa. Hulka huonekana katika siku zinazofuata: je, mkubwa huwaambia watu ukweli mapema, au huwaacha wakisubiri mshahara ambao yeye anajua hautakuja?

La Kufanya

Kwako mwanafunzi unayetafuta kazi: usijigeuze kasuku, lakini jiandae. Chagua mambo matatu uliyoyafanya kwa kweli, hata kama ni kuweka hesabu za kikundi cha vijana au kulinda shamba dhidi ya ndege wa mpunga, na ujizoeze kuyaeleza kwa dakika mbili mbili. Kueleza ulichofanya si kujisifu. Inua macho kidogo, maana huko ugenini ndiyo heshima yao. Na umtazame anayekuhoji. Anayekudharau siku ya kwanza hatakuheshimu siku ya mia.

Kwako mzazi: mpe mtoto nafasi ya kusema mezani, hata akikupinga kwa adabu. Anayeogopa kumjibu babake leo ataogopa jopo kesho, na akipata cheo huenda akalipiza kwa wanyonge.

Kwako mwenye cheo: hulka hukuzaliwa umeichagua, lakini mazoea yako ni yako. Mwenye hasira aweza kujizoeza kusubiri mpaka kesho kabla ya kuandika barua ya onyo. Mwenye maneno mengi aweza kujizoeza kusema wa mwisho. Na mtafute mtu mmoja atakayekuambia ukweli bila kuogopa kufutwa, kwani nyani haoni kundule.

Tukirudi kwa binti wetu wa Hewani, tuseme mlango unafunguliwa tena. Safari hii simu imezimwa. Mwenyekiti anamwambia, "Karibu, mwanangu. Hiki hapa kitabu cha ghala cha mwezi mmoja. Kuna makosa ndani yake. Chukua nusu saa, utuonyeshe." Binti anafungua kitabu, anachukua kalamu, na macho yale yale yaliyokuwa yakitazama sakafu yanaanza kushuka polepole kwenye safu za tarakimu. Kisha anainua kichwa na kusema, "Gunia la tarehe kumi na nne limeandikwa mara mbili."

Sauti yake bado ni ndogo. Lakini safari hii hakuna mtu chumbani asiyeisikia.